Pongezi kwa Diwani Mtoa Habari

Miongoni mwa watumishi wa umma katika miji ya Tanzania, anastahili shukrani za dhati yule diwani ambaye, akiisha kutoka katika Baraza la Madiwani, likutanalo kwa kawaida kila baada ya miezi mitatu, hazikalii habari, bali huwarudia waliomchagua na kuwabainishia, pasi na kuficha, yaliyojadiliwa, yaliyopitishwa na yaliyoahirishwa. Utamwona amesimama mbele ya ofisi ya kata, makaratasi mkononi, akieleza ni mtaro upi utakaozibuliwa, na jinsi asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri inavyotengwa kwa mikopo: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu, kisha, kwa adabu ile ile, hutangaza siku ya chanjo na maulidi ya mtaani. Naye, kwa kuwa ndiye mwenyekiti wa Kamati ya Maendeleo ya Kata, husikiliza malalamiko ya raia na kuyafikisha barazani. Kwa amali hiyo raia huitambua serikali kuwa ni yao. Basi, ndugu msomaji, diwani wako aitishapo mkutano, hudhuria, sikiliza, na uulize.