Nasaba ya Uvimbe

Miongoni mwa sanaa za maabara zisizosifiwa, mimi naitanguliza ile ya kuutafutia uvimbe nasaba yake. Kwani saratani iliyokwisha kukomaa ni kama mgeni aliyeingia mjini akajinasibisha na aila mashuhuri, lugha yake ya aila hiyo na mavazi yake ya aila hiyo, wala hapana awezaye kumkadhibisha ila aliyemjua tangu utotoni.

Kongosho laidhihirisha sanaa hii barabara. Sehemu yake kubwa hutengeneza maji ya kumeng'enyea chakula, na ndani yake mmetawanyika vikundi vidogo vya seli ambavyo Paul Langerhans, angali mwanafunzi mjini Berlin, alivieleza mwaka 1869, na leo twaviita visiwa vyake. Humo seli za beta hutoa insulini, za alfa hutoa glukagoni, na humo huzuka saratani adimu ambazo matabibu aghalabu huziita kwa homoni zitokazo humo.

Lakini homoni ni mavazi tu. Basi mafundi wa sanaa hii huzalisha panya ambao, katika seli zao za alfa peke yake, hufanya kazi kimeng'enya kiitwacho Cre, kilichoazimwa kutoka kwa kirusi cha bakteria, nacho hukata vipande vya DNA vilivyowekewa mipaka mapema: jeni ya Men1, ambayo ubovu wake huzusha uvimbe na hurithiwa katika baadhi ya familia za binadamu, ikatoweka, na alama isiyofutika ikawaka, ikarithiwa na kila seli izaliwayo humo, hata ikibadili sura. Kisha hungoja miezi. Nami nawastaajabia kwa kungoja huku kuliko kwa hila ya kukata.

Mwaka 2010 watafiti wa Lyon, Ufaransa, walikuta kwa panya wa namna hii si uvimbe wa glukagoni tu, kama akili ilivyotaraji, bali na uvimbe wa insulini uliotokana na seli za alfa. Kabla ya hapo, nani asingeapa kwamba baba yake ni beta?

Panya hao huuawa, na sifa zangu hazilifuti deni hilo. Binadamu, naye, hapandwi alama. Kwake fundi husoma athari za asili zilizosalia katika uvimbe wenyewe. Kwa usomaji huo ilibainika mwaka 2019 kwamba, katika uvimbe wa visiwa usiotoa homoni, wenye dalili za alfa ulirejea baada ya upasuaji mara nyingi zaidi kuliko wenye dalili za beta.