Oh! What a Lovely War: nyimbo tamu, makaburi meupe, na swala wa Saanane

Kuitania vita kwa nyimbo ni kazi ya hatari. Utani ukizidi, marehemu wanageuka kichekesho. Ukipungua, unabaki na gwaride. Filamu ya Richard Attenborough ya mwaka 1969, Oh! What a Lovely War, inapita katikati bila kuanguka, na ndiyo maana naona inafaa kuangaliwa tena, hata na sisi wa huku Ziwa Victoria.

Ilitokana na tamthilia ya Joan Littlewood na kundi lake la Theatre Workshop, iliyooneshwa London mwaka 1963. Attenborough anaileta Vita ya Kwanza ya Dunia kwenye gati la starehe kule Brighton: watu wanakata tiketi na kuingia vitani kama wanaoingia kwenye maonesho. Maggie Smith anawaimbia vijana kwa madaha hadi wanapanda jukwaani kujiandikisha jeshi. Ubao wa kuhesabia mabao unatangaza idadi ya waliokufa, na chini yake ardhi iliyotekwa: sifuri.

Lakini kinachoibeba filamu ni nyimbo. Nyingi ni za askari wenyewe, waliochukua hata nyimbo za kanisani wakazitia maneno yao. Hapo hakuna msanii anayemcheka askari. Askari ndiye anayewacheka wakubwa wake, na kicheko chake ndicho silaha pekee ambayo jenerali hakumgawia.

Sasa, manung'uniko yangu. Ukiifuata filamu hii utadhani vita ile iliishia Ulaya. Hivi Mwanza haikutekwa na Waingereza Julai 1916? Na wapagazi je? Kwa upande wa Waingereza peke yake, wapo wanahistoria wanaokadiria kuwa walikufa karibu 95,000, wengi wao kwa maradhi na njaa, si kwa risasi. Jina la kikosi chao, Carrier Corps, tunalitamka kila siku tukisema Kariakoo, tena tukiwaza bei ya nyanya.

Na nyimbo tulikuwa nazo. Ngoma ya beni, iliyoanzia pwani, ilisambaa bara pamoja na askari na wapagazi wa vita ile. Wachezaji walipiga gwaride, wakapeana vyeo vya kijeshi, wakagawanyika Marini na Arinoti. Terence Ranger, aliyeiandikia kitabu mwaka 1975, alikataa kuiona kama uigaji mtupu wa mzungu. Mimi naona hivi: mtu aliyebebeshwa mizigo ya jeshi akirudi nyumbani na kujiita jenerali, kejeli imo, hata kama yeye mwenyewe anafurahia cheo chake.

Mtu atasema: vita vyetu vya Kagera vilikuwa vya haki, huwezi kuvitania. Nakubali nusu. Waliokufa kule hawachekwi. Ila Machi 1979 ndege ya Libya, iliyokuja kumsaidia Idi Amin, ilitumwa kupiga maghala ya mafuta hapa Mwanza. Makombora yakakosa, yakaangukia hifadhi ya wanyama kisiwani Saanane, yakaua swala kadhaa. Jamani! Attenborough angelipa pesa nyingi apate tukio kama hilo. Ndege kubwa ya kivita, safari ndefu, na adui aliyeanguka ni swala. Ukilicheka hilo humdharau shujaa yeyote. Unamcheka aliyetoa amri.

Nyimbo za kusifu ushindi tunazo tele, na zina nafasi yake. Tunachokosa ni filamu yenye moyo wa kuimba upande wa mpagazi. Oh! What a Lovely War inamalizia na misalaba meupe, mingi hadi macho yanachoka kuhesabu, huku wimbo ukiendelea. Wapagazi wetu wengi hata msalaba hawakupata. Filamu yao itabidi itafute namna nyingine ya kumalizia, na hiyo haiwezi kuazimwa Brighton.