Wino wa Shule ya Tanga

Wasifuo shule kongwe ya Tanga husifu kuta, wakasahau wino. Serikali ya Wadachi iliianzisha miaka ya 1890, mji ukinawiri kwa bandari, mkonge na reli ya Usambara. Tangu Kwamkoro, juu milimani, biashara ilishukia huko. Mkoloni alitaka makarani. Shuleni humo likatoka Kiongozi, gazeti la Kiswahili, 1904 hadi 1916: nathari kavu, naam, ya amri na kodi, lakini iliyosomwa hadi bara. Hasara nayo ipo. Herufi za Kiarabu, ambazo kwazo Hemedi bin Abdallah alitungia utenzi wa Wadachi kutamalaki Mrima, ziliachwa mlangoni. Aianzaye historia ya maandishi ya Tanga kwa Shaaban Robert, mzaliwa wa Vibambani, 1909, ameiruka mizani hiyo.