Utambi wa Claesz na Shanga za Lukasa

Picha za vyombo mezani walizochora mabingwa wa Uholanzi katika karne ya 17 husomwa na wahakiki wengi kama kamusi: fuvu ni mauti, bilauri iliyopinduka ni anasa iliyokwisha, utambi unaofifia ni uhai unaotoweka. Usomaji huo si wa uongo. Ni wa haraka mno. Picha ya Pieter Claesz ya mwaka 1628, iliyomo katika makumbusho ya Metropolitan, New York, inazo ishara zote hizo, pamoja na kalamu ya unyoya. Hata hivyo, taa iliyochorwa humo haimuliki kitu. Nuru yaingia kutoka nje ya picha, nayo ndiyo inayoamua kipi kitangulie machoni na kipi kibaki kivulini. Bila ya nuru hiyo fuvu lingekuwa mfupa tu.

Jambo hili hudhihirika zaidi likilinganishwa na sanaa ya Waluba wa Haut-Lomami, nchi ambamo Luena, mji wa makaa ya mawe, umo. Wajuzi wa chama cha Mbudye walihifadhi historia ya ufalme wao katika lukasa, kibao cha mti kilichopambwa kwa shanga na kauri. Msomaji hukishika kwa mkono wa kushoto, akapitisha kidole cha shahada cha mkono wa kulia juu ya shanga huku akisimulia habari za Nkongolo Mwamba, Mbidi Kiluwe na Kalala Ilunga. Ushanga mkubwa waweza kuwa mfalme, mstari wa shanga ukawa njia. Lakini msimulizi mwingine, katika hafla nyingine, atasoma vingine. Kamusi ya lukasa haipo, na anayeitafuta (wapo wanaoitafuta) hajafahamu chombo chenyewe.

Kidole, basi, hufanya kazi ya nuru: huchagua, hupanga, huacha. Tofauti ni kwamba Claesz aliifanya kazi hiyo mara moja, rangi ikakauka. Kidole hakina budi kurudi kila mara.

Makumbusho ya Brooklyn, katika jiji hilo hilo la New York, nayo inamiliki lukasa. Chombo kama hicho kinapowekwa nyuma ya kioo na kumulikwa, hupewa kile alichokitegemea Claesz na kunyimwa kile kilichoumbiwa. Mtazamaji huona shanga zikimeta. Yupi kati yake ni Kalala Ilunga, hakuna wa kumwonyesha.