Kitabu Chembamba

Nilipoanza kujifunza lugha ya kompyuta iitwayo C, nilinunua kitabu kinene kuliko vyote dukani, nikidhani unene ndio elimu. Miezi mitatu nilikisoma, nisiweze kuandika programu hata moja bila kunakili.

Ndipo nilipoazima The C Programming Language, cha Brian Kernighan na Dennis Ritchie. Ritchie ndiye aliyeibuni lugha hiyo. Toleo la kwanza la mwaka 1978 lilikuwa na kurasa 228 tu. La pili lilitoka mwaka 1988. Programu yake ya kwanza huandika salamu fupi kwenye kioo cha kompyuta, na mara msomaji anapewa mazoezi. Majibu hayamo. Niliyatafuta mwenyewe, na hapo ndipo nilipojifunza. Nyuma kuna kiambatisho cha kanuni, cha kurejea kama mtu arejeavyo kamusi.

Hata hivyo, kina kasoro. Waandishi wenyewe wanakiri mwanzoni kwamba hawamwandikii asiyejua lolote. Aidha, wanaitaja gets, amri ya kusoma mstari wa maandishi, bila kuonya kwamba haipimi urefu wa kinachoingia, hivyo mstari mrefu waweza kuharibu kumbukumbu ya programu. Kanuni rasmi za mwaka 2011 ziliifuta amri hiyo.

Basi, anayejifunza na achague kitabu kinachomlazimisha kuandika, kisha akilinganishe na kanuni za sasa. Kile kinene bado ninacho. Hukifungua nikitafuta neno moja tu, na kwa kazi hiyo kinafaa.