Shingo Hukazwa Sakafuni

Kichwa cha mtoto mchanga ni karibu robo ya urefu wake mzima, na shingo inayokishika haijazoea mzigo huo. Tumboni mwa mama kilikuwa kikielea majini. Sasa mlaze kifudifudi na papo hapo ana kazi ya kufanya: ageuze uso, pua ipate hewa. Atakunja paji, atasugua shavu kwenye shuka, atainua kidevu upana wa kidole, kisha kichwa kitaanguka upande wa pili. Hizo ni sekunde tatu, na tayari amechoka. Mgeni akiona atasema mtoto anateswa. Anayeijua kazi hii atasema, "Imetosha kwa sasa," amgeuze chali, angoje.

Mtu yeyote anaweza kumlaza mtoto kwa tumbo. Kujua saa ya kuanza, na zaidi saa ya kuacha, ndiko kunakohitaji mikono iliyozoea.

Mikono niliyoitazama kwa karibu ni ya shosho mmoja aliyetoka Thika kuja Ruiru kumsaidia mke wa mwanawe aliyejifungua. Mtoto ni wa kiume na ni kifungua mimba, kwa hiyo kwa desturi ya Wakikuyu amepewa jina la babu yake mzaa baba, ambaye ni mume wa shosho. Ndiyo maana shosho humwita "mzee wangu" na kumsalimu kila asubuhi kwa adabu zote, mama mtoto akicheka pembeni.

Chumba ni kimoja, cha kupanga, katika mji uliojaa vyumba vya aina hiyo. Sensa ya 2019 ilihesabu wakazi 490,120 Ruiru, karibu mara mbili ya 251,407 waliohesabiwa mjini Thika. Ukishaweka kitanda, kochi, meza na mtungi wa gesi, sakafu inayobaki haizidi mkeka mmoja. Shosho anaanzia hapo.

Anahamisha chupa ya chai kwanza, maana ndiyo inayounguza watoto wengi bila moto kuwapo. Anaondoa waya wa chaja. Anafagia, halafu anapiga magoti na kupitisha kiganja polepole juu ya saruji, huku na huku, akitafuta kile ambacho ufagio umekosa: pini, shilingi, kifungo, punje ya mahindi, ile betri ndogo ya duara ambayo mtoto akiimeza inaweza kumchoma koo kwa muda mfupi tu. Najua mtoto wa majuma machache hawezi kuokota kitu. Shosho naye anajua. "Nazoesha sakafu," anasema. "Siku atakayoanza kuokota hatatuambia."

Kisha anatandika. Chini ni mkeka wa plastiki, juu yake blanketi moja lililokunjwa mara mbili kwa sababu ya baridi ya Julai inayopanda kutoka kwenye saruji, na juu kabisa shuka ya pamba iliyovutwa mpaka ikakosa mkunjo, kingo zake zimechomekwa chini ya blanketi. Anakandamiza katikati kwa ngumi. Ngumi ikizama, anapunguza matandiko. Mto hapana, duveti hapana, mdoli wa manyoya hapana. Mama mtoto aliuliza kwa nini wasitumie kitanda, ambacho kiko pale pale na kina joto. "Kitanda ni cha kulala, mama," akajibiwa. Sababu ni za wazi. Godoro la sponji hubonyea, uso ukazama, na mikono ikakosa mahali pagumu pa kujisukumia. Kochi ni baya zaidi, kwa kuwa lina mteremko. Juu ya hayo, kitanda na kochi vyote vina ukingo wa kuangukia, na sakafuni hakuna pa kuanguka.

Saa nayo huchaguliwa. Mtoto awe ameamka mwenyewe, amebadilishwa nepi, na maziwa yameshatulia tumboni. Akilazwa mara tu baada ya kunyonya atacheua yote. Akilazwa akiwa na njaa atalia kabla hajajaribu lolote.

Sasa ndipo ustadi wenyewe unapoonekana. Shosho hamtui mtoto kwa tumbo moja kwa moja. Anamlaza kwa ubavu kwanza, kiganja chini ya shavu, halafu anambiringisha taratibu hata mtoto mwenyewe asishtuke. Anavuta mkono mmoja mbele, kisha wa pili, viwiko vikae chini ya mabega. Anachukua leso, anaisokota iwe nyembamba, anaipitisha chini ya kifua karibu na makwapa, mikono ya mtoto ikiwa mbele yake. Mwisho anaweka kiganja juu ya matako ya mtoto. Hasukumi. Anakituliza tu, na uzito wa mwili unarudi nyuma kuelekea nyonga. Kichwa, ambacho sekunde moja iliyopita kilikuwa kimenata sakafuni, kinainuka. Wataalamu wa tiba ya viungo hufundisha mguso huo huo.

Kisha mwanamke huyo, ambaye magoti yake hulalamika akipanda matatu, analala kifudifudi yeye mwenyewe, uso wake shubiri moja kutoka uso wa mtoto. Mtoto mchanga huona vizuri umbali wa sentimita 20 hadi 30, na hakuna kitu anachopenda kutazama kuliko uso wa mtu. "Mzee wangu, umeamkaje? Inua kichwa tuongee." Mzee anainua. Ananguruma. Mama yake anataka kumnyanyua. "Mwache kidogo, mama. Hiyo si kulia, hiyo ni kazi." Mngurumo unaendelea, unapanda, unapata makali. Mama bado anasikia sauti ile ile, lakini shosho ameshapitisha mkono chini ya kifua na mtoto yuko chali, kabla kilio hakijatoka. Hata dakika mbili hazikuisha. Watarudia mchana, na tena jioni.

Kumkomboa mtoto kabla hajashindwa ndiko kunakomfanya akubali kulazwa tena. Anayeachwa mpaka alie sana huanza kulia akiona mkeka tu, na mama wengi hukata tamaa hapo, wakisema mtoto wao hapendi kulalia tumbo. Ushauri wa kawaida ni dakika 3 hadi 5, mara mbili au tatu kwa siku, tangu siku za kwanza, na kuongeza kidogo kidogo kadiri anavyopata nguvu. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa 2019, lilitaka mtoto ambaye bado hajaanza kutambaa apate angalau dakika 30 za kulalia tumbo kwa siku, zikigawanywa, akiwa macho.

Maneno "akiwa macho" yana historia. Mwaka 1992 chama cha madaktari wa watoto wa Marekani kilianza kushauri watoto wasilazwe usingizini kwa tumbo, na kuanzia 1994 kampeni kubwa ikaeneza ujumbe wa kuwalaza chali. Vifo vya ghafla vya watoto usingizini vikapungua kwa karibu nusu katika miaka iliyofuata. Lakini watoto waliokaa chali mchana na usiku walianza kupata visogo bapa, na shingo zao zikachelewa kukaza. Kanuni iliyobaki ina pande mbili ambazo hazitenganishwi: usingizi ni chali kila mara, na kifudifudi ni mchezo wa aliye macho na anayeangaliwa. Mjukuu wa shosho akisinzia mkekani hugeuzwa papo hapo, hata kama amelala vizuri namna gani.

Mwongozo huo huo wa 2019 una jambo linalotugusa sisi wenye mazoea ya mbeleko. Unasema mtoto asifungwe mahali pamoja zaidi ya saa moja kwa mfululizo, iwe kwenye kiti, kigari au mgongoni mwa mlezi. Si kwamba mgongo una kosa. Katika miaka ya 1970, mtafiti Charles Super alifuatilia watoto wa Kipsigis katika kijiji cha Kokwet, na mwaka 1976 akachapisha alichokiona: waliketi na kutembea mapema kuliko watoto wa Marekani, kwa sababu mama zao waliwafundisha kwa makusudi. Walichimba kishimo kidogo, wakakitandika blanketi, wakamketisha mtoto humo. Ila katika kuinua kichwa wakiwa kifudifudi, na katika kutambaa, watoto hao hawakutangulia, maana walilazwa chini kwa nadra. Kila kiungo kilikaza pale kilipozoezwa.

Shosho wetu aliwalea wanawe wote mgongoni, akichuma kahawa. Kazi ya sakafu alifundishwa na muuguzi wa kliniki wakati wa mjukuu wa kwanza, akaichukua, akaiunganisha na aliyokuwa nayo: leso, subira, na sikio la kutofautisha vilio. Hakuona haya kujifunza uzeeni, na hakuacha mbeleko. Akienda dukani mtoto yuko mgongoni. Akirudi, mkeka unatandikwa.

Miezi ya kazi hii ni michache. Sheria ya Ajira ya 2007 humpa mama miezi 3 ya likizo yenye mshahara na baba wiki 2. Chanjo zinamrudisha mtoto kliniki wiki ya 6, ya 10 na ya 14. Wiki ya 6 huenda akainua kidevu kwa kitambo tu. Ya 14, akiwa amezoezwa, wengi huegemea viganja na viwiko, kifua juu, wakitazama mlango. Hapo likizo imekwisha, na mtoto anakwenda kwa mlezi wa mtaani mwenye wenzake wengi, ambako nafasi ya sakafu ni ya kugombania. Kibarua wa kiwandani Thika mara nyingi hana hata hiyo miezi mitatu. Kwake, na kwa mama anayeogopa kitovu ambacho hakijadondoka, kifua kinatosha kuanzia: egemea mto nusu chali, mlaze mtoto kifudifudi juu yako, umsemeshe. Atainua kichwa akutafute. Baba wa wiki mbili naye ana kifua.

Mtoto akifika miezi mitatu hainui kichwa kabisa, au kila mara anageukia upande mmoja tu, au mwili wake umelegea au umekakamaa, asingojewe chanjo ijayo. Apelekwe hospitali ya Thika Level 5, ile ya Ruiru au zahanati iliyo karibu. Aliyezaliwa kabla ya wakati, umri wake uhesabiwe kuanzia tarehe aliyotarajiwa.

Nawe ukienda kumwona mzazi, na njahi na nepi mkononi, ukamkuta mtoto sakafuni, usikimbilie kumnyakua. Nawa mikono, lala mbele yake, umwite kwa jina lake. Akianza kuchoka, mgeuze chali. Dakika tatu zinatosha.