J ya 8.4 Haikuwa Transi

Chupa ilinunuliwa agroveti ya Noonkopir, lebo yake imeandikwa alfasaipamethrini, dawa ya kupe. Mliokuwepo kwenye wasilisho la uchambuzi wa chupa hiyo mliiona slaidi ya NMR: dableti karibu na 1.9, J ya hezi 8.4, na pembeni neno moja, "transi". Kwa neno hilo muuza dawa akageuzwa tapeli, maana alfasaipamethrini yote ni sis. Alionewa.

Mchambuzi alichukua kanuni ya pete ya kaboni sita, kwamba J kubwa ni transi, akaibandika kwenye pete ya kaboni tatu. Siklopropani haina nafasi ya kujikunja. Protoni mbili zikiwa upande mmoja wa pete, pembe kati yao ni sifuri. Zikiwa pande mbili, ni kama digrii 145. Fuateni mchoro wa Karplus, unaohusisha J na pembe hiyo: kwenye sifuri J iko juu, kwenye 145 imeshuka. Ndiyo maana pairethroidi hizi zikiwa sis hutoa 8 na ushei, zikiwa transi hutoa kama 5. Na ushahidi wa pili ulikuwa palepale ukutani. Protoni ya vainili ilisimama karibu na 6.2, makao ya sis. Transi ingeshuka hadi kama 5.6. Dableti hiyo ya vainili ilikaa mbele yetu muda wote, na mwenye slaidi hakuitaja hata mara moja.

Nimelisema hili miaka nenda miaka rudi: chora molekuli kwanza, ndipo usome J. Karplus mwenyewe alionya mwaka 1963 kwamba mlinganyo wake usitumiwe kupimia pembe digrii kwa digrii. Michael Elliott na wenzake wa Rothamsted, waliotupa permethrini na deltamethrini miaka ya 1970, waliihangaikia kila isomeri kwa sababu nguvu ya dawa imo humo. Siku hizi programu inatema J yenyewe, na karatasi inabaki nyeupe.



Swali lenyewe lilikuwa kwenye kaboni iliyobeba siano. Daiastereoma za sis ni mbili, na alfa ni moja tu, ile kali kwa wadudu. J ya pete haizitenganishi. Spektra ya chupa ilipaswa kulazwa juu ya spektra ya alfa halisi, kisha itazamwe protoni iliyo jirani na siano: ni singleti moja, au ni mbili?